Kinda wa Bundi Hapigwi Picha ya Pasipoti

Katika familia yetu hakuna anayeweza kukaa kimya kunishinda mimi. Siku moja nilinyamaza tangu tulipoondoa vyombo vya chakula cha mchana mpaka vivuli viliporefuka uani. Ni kweli nilikuwa nimelala. Mwanangu anadai pia nilikoroma. Lakini neno sikusema hata moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu hadithi hii inahusu kukaa kimya. Inahusu makinda wa bundi, na watu wazima waliotaka kuwapiga picha kabla ya kujifunza kuwatazama.

Kwetu ni nyumba moja yenye kazi tatu. Mbele, upande wa barabara, kuna mashine ya kusaga nafaka. Hiyo ni ya mwanangu. Kuta zake ni nyeupe kwa unga, naye ni mweupe kwa unga. Hata paka wetu wa kijivu alikuwa mweupe, mpaka alipochoka na kelele za mashine akahama bila kuaga.

Ubavuni mwa mashine kuna chumba kidogo. Kina pazia la buluu, stuli, taa mbili na kioo cha ukutani chenye kichana kilichofungwa kwa kamba. Hiyo ni studio ya mkwe wangu, mke wa mwanangu. Anapiga picha za vitambulisho na za pasipoti. Kabla hajakupiga anakunyoosha ukosi, anakufuta jasho, anakuinua kidevu. Kisha anapiga vidole vyake, ta ta, na kusema, "Tazama hapa." Hata mtoto anayelia hunyamaza na kutazama.

Nyuma ya nyumba kuna banda la seremala. Huko anafanya kazi shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Watu humwita Randa. Wageni hudhani ni kwa sababu ya useremala. Waliowahi kubishana naye wanajua kwamba anaweza kukukwangua kwa maneno mpaka ukabaki laini.

Nyuma ya banda, nje kidogo ya ua, umesimama mti mkubwa wa zamani. Nusu yake imekauka. Juu kwenye shina kuna shimo kubwa, na mbele ya shimo kulikuwa na matawi yenye majani mengi. Hatukuwahi kuujali mti ule. Ulikuwa hapo tu, kama ndugu asiyeomba kitu.

Mwaka huo, kila jioni, sauti ilianza kutoka ndani ya lile shimo. Hsssss. Ungedhani tairi la lori linatoa upepo. Wateja waliokuja kusaga jioni wakaanza kushtuka. Mama mmoja alikimbia akaacha unga wake kwenye mizani. Kesho yake alimtuma binti yake aje kuuchukua, na binti naye aliuchukua akiwa anakimbia.

Randa alikwenda kuchungulia. Alirudi amekunja uso. Alikuwa ameona sura nyeupe yenye umbo la moyo, na macho mawili meusi yakimtazama. Alisema ni bundi. Akasema ndege huyo ana mkosi, na tangu hapo hakutaka tena kulitaja jina lake. Alimwita "bwana wa juu."

Mwanangu hakuogopa mkosi. Aliogopa kukosa wateja. Walikuwa wameshaanza kupeleka nafaka zao kwingine, kwenye mashine ambayo haipigi miluzi gizani. Basi akaamua mti ukatwe. Randa akatoa msumeno wake mrefu, ule wa vipini viwili unaovutwa na watu wawili. Kipini kimoja kilikuwa kimepasuka, naye alikuwa amekifunga kitambaa chekundu. Akautundika ukutani mwa mashine, kila mtu auone, akasema kesho asubuhi kazi inaanza.

Mkwe wangu akakataa.

Maktaba ya mjini ilikuwa inaandaa maonyesho ya picha za wanyama wanaoishi karibu na watu. Picha moja ingechaguliwa na kukuzwa, itundikwe karibu na mlango. Studio yake ilikuwa imepoa. Siku hizi kila mtu ana simu, na kila mwenye simu ni mpiga picha. Jioni ile, tukiosha vyombo, aliniambia jambo ambalo sikulisahau.

"Mama, watu wananijua kwa picha ambazo wao wenyewe hawazipendi. Nataka kupiga moja tu ambayo mtu atasimama aitazame kwa hiari yake."

Mwanangu ana sauti kubwa kwa wateja, lakini mbele ya mkewe anakuwa unga uliochekechwa. Akampa muda. Alisema apige picha yake upesi, kwa maana mti ule ni wa kuanguka.

Basi mkwe wangu akaenda kazini. Na alifanya kazi kama alivyozoea kuifanya studioni. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Kwanza, hakuliona shimo vizuri kwa sababu ya majani. Studioni, kitu kikiwa mbele ya uso wa mteja, unakiondoa. Kwa hiyo akamwomba Randa akate yale matawi. Randa alikata kwa msumeno mdogo, huku amefumba jicho moja, sijui kwa nini moja. Shimo likabaki wazi. Ndani mlikuwa na makinda watatu. Mmoja mkubwa, mmoja wa kati, na mmoja mdogo kabisa, mwenye manyoya kama pamba iliyochanwa vibaya.

Pili, jioni mwanga ulikuwa hafifu. Studioni, mwanga ukipungua unawasha taa. Akasimama chini ya mti akawapiga kwa mwanga mkali wa kamera, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Makinda wakajikunyata nyuma kabisa ya shimo.

Tatu, hawakumtazama. Akapiga vidole. Ta ta. "Tazama hapa." Wale makinda wakaanza kuyumbisha vichwa huku na huku, na kugonga midomo, tok tok tok. Mkwe wangu akafurahi. Alidhani wanamjibu.

Alisimama pale mpaka giza likaingia. Picha zote zilitoka mbaya. Zilionyesha mipira mitatu ya pamba yenye macho yaliyofumbwa. Kesho yake akarudi, akasogea zaidi. Juu ya mti wa jirani kulikuwa na bundi mkubwa aliyebeba panya mdomoni. Alizunguka, akatua, akaruka, akatua tena. Hakuingia shimoni. Sisi tulimwona, lakini hatukuelewa alichokuwa akisubiri. Alikuwa akisubiri tuondoke.

Asubuhi ya siku iliyofuata kunguru walikuwa wamejaa pale juu, wakipiga kelele kama watu waliosikia kuna kitu cha bure. Chini ya mti tulimkuta yule mdogo. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, amenyong'onyea, mabawa yameanguka.

Mkwe wangu alishika kichwa. Alijua yeye ndiye chanzo. Akavua kilemba chake, akamfunika kinda, akambeba mpaka studioni. Hakujua pengine pa kumweka, basi akamweka kwenye stuli, mbele ya pazia la buluu, pale wanapokaa wateja. Mwanangu akaleta mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Randa alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akisema tumtoe bwana wa juu humo kabla hatujapatwa na jambo.

Ni hapo alipoingia Dada Darubini.

Huyu ni afisa wa wanyamapori. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata akija kusaga nafaka huwa na darubini shingoni. Alikuwa ameleta gunia lake, akaona mashine imezimwa na hakuna mtu, akafuata sauti zetu. Akachungulia studioni. Akaona stuli, pazia, na abiria juu ya stuli.

"Huyu," aliuliza, "anasafiri kwenda wapi?"

Mimi nilicheka. Mkwe wangu alilia. Dada Darubini alipoona machozi aliacha utani mara moja. Akachukua ule mkate akauweka mbali. Alisema bundi anakula nyama tu, na maziwa yanaweza kumharibu tumbo. Akaomba boksi la karatasi ngumu, tulitoboe matundu na kuweka kitambaa chini. Akaomba glavu za useremala, kwa sababu kinda wa bundi ni mdogo lakini kucha zake hazijui kama ni mdogo. Akamtazama mabawa na miguu. Hakuwa ameumia. Akamweka ndani ya boksi, akafunika. Alieleza kwamba kwenye giza na ukimya, hofu yake itatulia.

"Atakufa?" mkwe wangu aliuliza.

"Akibaki hapa, ndiyo. Akirudi kwa mama yake, nadhani hapana."

Randa akaingilia. Alisema mama hawezi kumpokea tena, kwa kuwa ameshashikwa na mikono ya watu na ananuka mikono ya watu. Wote tulikubali. Ni jambo ambalo kila mtu huambiwa utotoni.

Dada Darubini alisema si kweli. Bundi hunusa kidogo sana. Hamjui mtoto wake kwa harufu. Kinachomfukuza si harufu ya mkono wako. Ni wewe mwenyewe kusimama chini ya mlango wake wakati wa kuleta chakula.

Kisha akamkalisha mkwe wangu kwenye ile stuli na kumweleza, taratibu, bila kumkemea. Matawi yaliyokatwa yalikuwa pazia la makinda. Yaliwakinga na jua na yaliwaficha wasionekane na kunguru. Macho yao yameumbwa kwa mwanga mdogo, na ule mwanga mkali wa ghafla unawatia kiwi. Na kule kuyumbisha vichwa na kugonga midomo?

"Hawakuwa wanakusalimu, mdogo wangu. Walikuwa wanakuomba uondoke. Hiyo ndiyo lugha yao ya kusema, tunaogopa."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Alisema wateja wake hufanya hivyohivyo, ila hawagongi midomo.

Ilibidi kinda arudishwe shimoni. Makinda wa aina hii, alisema Dada Darubini, wakianguka wakiwa bado wadogo, wazazi mara nyingi hawawalishi chini. Yeye mwenyewe alishafunzwa kazi hiyo, na ndiye angepanda. Ngazi ilikuwa ya Randa. Na ngazi ya Randa haishikwi na mtu mwingine, maana ina mguu mmoja mfupi ambao yeye peke yake anaujua.

Basi shemeji yangu alisimama chini ya mti, ameikumbatia ngazi, macho ameyafumba yote mawili. Dada Darubini alimkabidhi boksi amshikie kwanza wakati anavaa glavu. Kifuniko kilifunguka kidogo. Randa akafumbua macho. Kinda alikuwa anamtazama. Walitazamana. Nilikuwa na mengi ya kusema hapo, lakini nilikuwa na mkate mdomoni, ule wa maziwa. Sipendi kitu kitupwe.

"Mbona huyu ni mdogo hivi kuliko wenzake?" Randa aliuliza.

Dada Darubini alimweleza akiwa anapanda. Bundi hutaga yai, akapumzika siku kadhaa, akataga jingine. Lakini huanza kuyalalia tangu la kwanza. Kwa hiyo watoto hawazaliwi pamoja. Wa kwanza anakuwa na nguvu wakati wa mwisho bado yuko uchi. Chakula kikiwa kingi wote wanakua. Kikipungua, mkubwa anashiba na mdogo anakosa.

Randa akaikumbatia ngazi zaidi. Yeye ni kitinda mimba. Kwao walikuwa wengi, na marehemu mume wangu aliniambia kwamba mdogo wake alikuwa akila akiwa amekumbatia sahani kwa mikono yote miwili.

Dada Darubini alimrudisha kinda, kisha tukayafunga matawi yaliyokatwa mbele ya shimo kwa kamba ya magunia, yawe pazia la muda. Akatuamuru tuondoke wote, tukae kwenye mlango wa mashine.

Tulikaa. Jua likashuka. Yule bundi mkubwa akaja, panya mdomoni. Akatua kwenye paa la banda. Akazunguka mti. Akarudi kwenye paa. Mkwe wangu alikuwa amenishika mkono, na kucha zake hazikuwa tofauti sana na za bundi. Bundi akazunguka tena. Halafu, bila mlio wowote, akapita kati ya yale majani yaliyonyauka akaingia.

Ndani ya shimo zikasikika sauti. Hsssss. Dada Darubini alikuwa na darubini machoni. Akahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Kisha akatabasamu.

"Watatu," alisema. "Wote wanadai chakula."

Mkwe wangu aliachia mkono wangu. Mpaka leo nina alama.

Tangu siku hiyo tulianza shule. Dada Darubini alisema mpiga picha wa ndege wa porini hamleti ndege kwenye kamera. Anajifanya yeye mwenyewe hayupo. Basi tulijenga kibanda cha kujifichia kwa magunia ya zamani ya mashine. Hatukukijenga siku moja. Siku ya kwanza tulisimika nguzo tu, mbali na mti. Siku nyingine tukatandaza gunia moja, kisha mengine. Baadaye tukakisogeza hatua chache. Kila mara tulitazama kwanza. Wazazi wakiingia shimoni bila wasiwasi, tunaendelea. Wakizunguka bila kuingia, tunarudi nyuma.

Mkwe wangu aliingia humo mchana, kabla bundi hawajaamka. Alitoka kimyakimya giza likishaingia, makinda wakiwa wameshalishwa. Hakuwasha mwanga wa kamera hata mara moja. Alitumia ile lenzi ndefu ya harusi, ya kuwapiga maharusi kutoka nyuma ya ukumbi. Mwanga ukiwa mdogo sana, alikaa tu akatazama. Alisema kuna jioni hakupiga picha hata moja na akarudi amefurahi. Mwanangu alimuuliza sasa faida iko wapi. Mkewe akamwambia, "Leo yule mdogo alimnyang'anya mkubwa mguu wa panya." Kama anayesimulia ushindi wa mpira.

Nami nilialikwa kibandani. Nilikaa mara moja. Sikualikwa tena. Wanasema nilitoa maelezo mengi.

Randa alikuwa amekataa katakata. Siku moja alimpelekea mkwe wangu stuli fupi aliyomtengenezea, isiyolia mtu akijigeuza. Akaingiza kichwa kibandani ili aiweke. Wakati huohuo bundi akaja mapema. Randa hakuweza tena kutoka bila kumshtua. Ikambidi akae chini, kwenye vumbi, magoti kidevuni. Alitoka giza likiwa limeingia, nguo zimejaa makapi, hana neno. Mtu mwenye maneno kama yeye. Nikajua kuna jambo.

Siku iliyofuata msumeno mrefu haukuwepo ukutani mwa mashine.

Mwanangu akauliza. Randa akasema umeisha makali, ameupeleka kwa mnoaji, nje ya mji. Wiki ikapita. Mwanangu akauliza tena. Mnoaji alikuwa mgonjwa. Akauliza tena. Mnoaji alikuwa amepona lakini tupa yake imevunjika. Nikamwonea huruma yule mnoaji. Alikuwa na mikosi mingi kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Mwanangu alisema siku msumeno utakaporudi, mti utaanguka, bundi wawepo wasiwepo. Na alikuwa na sababu. Wateja bado waliogopa. Tena panya walikuwa wameongezeka tangu paka alipohama. Walikuwa wakitoboa magunia ya watu. Alikuwa ameshanunua sumu.

Dada Darubini aliiona ile pakiti juu ya mizani. Akamwomba mwanangu amfuate nje, mbali kidogo na mti, ambako bundi wakubwa hutua. Akaokota chini vitonge vyeusi, virefu kama kidole gumba. Mwanangu akadhani ni kinyesi, akarudi nyuma.

Hakikuwa kinyesi. Bundi humeza panya mzima. Manyoya na mifupa isiyosagika anaitapika, imeshikamana kama kitonge. Dada Darubini akakivunja kimoja kwa kijiti, juu ya karatasi. Likatoka fuvu dogo lenye meno marefu ya mbele. Akatoa jingine. Na jingine. Mwanangu akachuchumaa.

"Hawa ni panya wangu?"

"Walikuwa wako. Familia ile pale juu inakula panya wengi kila usiku, na haijadai hata kikombe cha chai."

Akamweleza kuhusu sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anatembea polepole, amelewa, anaonekana kirahisi. Bundi anamkamata huyo kabla ya wengine, anawapelekea watoto. Sumu ya kuua panya inakuwa imeingia shimoni. Utawaua wawindaji, na panya watakaobaki watazaa bila hofu.

Mwanangu alikaa akiyatazama yale mafuvu. Yeye ni mtu wa mizani. Ukimpa kitu cha kuhesabu anakuelewa. Jioni ile alirudisha sumu dukani. Randa akamtengenezea vichanja vya mbao, magunia yakae juu, mbali na ukuta. Wakaziba matundu. Mwanangu akawa anafagia unga uliomwagika kila jioni kabla ya kufunga, badala ya kuuacha hadi asubuhi. Panya walipungua kweli.

Wateja nao tuliwaeleza. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mtu akishtuka kwa ile sauti, namwambia ni watoto wanaomlilia mama yao chakula. Namuuliza, wako nyumbani hawalii? Watu wakacheka, wakazoea. Hata yule mama aliyekimbia alirudi. Aliomba aazimwe darubini. Lakini hatukutangaza mjini kwamba tuna makinda. Dada Darubini alituonya kuwa watu wakijaa pale, kila mmoja na simu yake, tungerudi tulikotoka.

Kuhusu msumeno, mwanangu hakuuliza tena. Mnoaji akapumzika.

Makinda wakakua. Ile pamba ikadondoka, manyoya ya kweli yakatoka, ya rangi ya mchanga mgongoni na meupe tumboni. Jioni walijipanga kwenye mdomo wa shimo wakipigapiga mabawa. Mkubwa akaruka kwanza. Wa kati akafuata. Yule mdogo alibaki, anasogea ukingoni, anarudi. Mkwe wangu hakulala vizuri siku hizo. Maonyesho yalikuwa yamekaribia. Alikuwa na picha nzuri, lakini alisema ile yenyewe bado.

Asubuhi moja shimo lilikuwa tupu. Mkwe wangu aliangalia chini kwanza. Hakuna kitu kwenye nyasi. Randa alikuwa amekwenda kupeleka mlango kwa mteja, na banda lake lilikuwa kimya. Ndipo mkwe wangu akaona kitu cheupe ubavuni mwa banda, chini ya paa, juu ya mbao zilizorundikwa, mahali ambapo watu hawapiti.

Alikuwa yule mdogo. Ameruka safari yake ya kwanza, ametua hapo, na kumekucha hajui aende wapi.

Zamani mkwe wangu angekimbia kumsogelea. Sasa alirudi nyuma. Akaingia studioni, akafungua taratibu dirisha la nyuma linalotazama banda, akaegemeza ile lenzi ndefu kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alitaka kupiga vidole, niliuona mkono unainuka wenyewe kwa mazoea. Akaushusha. Akasubiri. Jua la asubuhi likapenya chini ya paa. Kinda akageuza kichwa kwa hiari yake, akatutazama.

Alipiga mara moja, akafunga dirisha. Jioni kinda alisikia mama yake akiita, akaruka mpaka mtini, vibaya vibaya, lakini akafika.

Maktaba iliichagua picha ile. Tulipokwenda kuiona, ilikuwa imekuzwa, kubwa kama mlango. Kinda amesimama wima, mguu mmoja ameukunja, na kichwani bado ana nywele chache za utoto. Macho yake yalikufuata ukienda kulia, yakakufuata ukienda kushoto. Watu walisimama. Hakuna aliyewaita. Mkwe wangu alisimama pembeni akiwatazama wanaotazama, na sijawahi kuuona uso wake hivyo hata siku ya harusi yake, na mwanangu namwomba radhi. Chini ya picha palikuwa na jina lake. Mahali pa kiota hapakuandikwa.

Dada Darubini alimpa mkono. Randa alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa ameanza kuwaeleza wageni kwamba makinda wa bundi hawazaliwi pamoja, kwamba mdogo ndiye mwenye akili, na kwamba maneno ya mkosi ni ya watu wasiosoma.

Mwanangu alikuwa amesogea karibu na picha. Nimesema yeye ni mtu wa mizani, huona vitu vidogo. Alitazama miguu ya kinda. Alitazama kile ambacho kinda amesimama juu yake. Kilikuwa kipini cha mbao kilichofungwa kitambaa chekundu. Chini ya kipini, jua la asubuhi lilikuwa limepiga safu ndefu ya meno ya chuma, makali, yanang'aa.

Mkwe wangu alisema siku ile alikuwa akiangalia macho tu. Alisema hivyo huku akikohoa.

"Baba mdogo," mwanangu aliita. "Huu si msumeno ulioko kwa mnoaji?"

Randa alikatiza maelezo yake. Aliitazama picha. Aliinama, akaitazama tena, kama anayetafuta mlango wa kutokea.

"Ulikuwa umerudi," alisema. "Siku hiyohiyo. Asubuhi na mapema."

"Kabla hajatua juu yake, au baada?"

Dada Darubini akageuka upande, mabega yanatikisika. Shemeji yangu akapangusa paji la uso. Kisha akanionyesha mimi kwa kidole.

"Muulizeni shemeji. Alikuwepo nilipoupeleka kunolewa. Aliniona kwa macho yake."

Wote wakanigeukia. Mimi nilinyamaza, na safari hii nilikuwa macho.